Kompyuta Niliyoifunga kwa Tyubu ya Baiskeli

Siku ya kuniaga kazini mlinipa kipaza sauti, nikasema ahsanteni sana, nikarudi kukaa nikamalizia pilau. Najua mlitaka zaidi. Mmoja wenu alinong'ona kwamba Bi Mwanaidi leo kaishiwa maneno, naye ni yuleyule ambaye kwa miaka sita nimekuwa nikimkataza kuongea huku kashika bisibisi. Maneno sikuishiwa. Nilikuwa nayo mengi, na mengine hayakufaa kusemwa mbele ya keki. Basi nayaandika, myasome kwa nafasi zenu.

Vyeo na mishahara sitaviandika. Vyeo vyangu mlivijua, na mshahara wangu mliujua kabla yangu. Nitaandika juu ya woga, kwa sababu ndicho kitu nilichokaa nacho kazini muda mrefu kuliko mtu yeyote kati yenu. Ninyi mnafunga kompyuta simu iko sikioni na soda iko mezani. Sisi tulifunga huku midomo imekauka, na sioni aibu kusema hivyo.

Kabla ya kompyuta nilikuwa kiwandani, nafunga redio. Tulikaa wanawake kumi na wawili kwenye meza ndefu, kila mmoja na chuma chake cha kulehemu, na tulijua umbea wa Temeke yote bila kuinua macho. Halafu milango ya nchi ikafunguliwa. Redio za nje zikaja kwa makontena, nyepesi, zinang'aa, na zetu zikabaki stoo zikikusanya vumbi. Tukapunguzwa kwa orodha iliyobandikwa ukutani kwa gundi ya ugali. Nilisoma jina langu mara tatu, nikaenda kuchukua sufuria yangu ya chakula, nikarudi nyumbani Mtoni.

Baadaye nikapata kazi Kinondoni, katika chumba kimoja nyuma ya duka la madaftari. Humo zilikuwa zinaunganishwa kompyuta. Miaka michache nyuma kompyuta ilikuwa kitu cha kuombea kibali, ukiiona ofisini unapunguza sauti. Sasa vipande vyake vilikuwa vinaingia mjini kwenye maboksi, na mtu mwenye mikono mizuri aliweza kuvikutanisha vikawa mashine. Mkuu wa chumba alikuwa Fundi Chilumba, Mmakonde wa Newala, fundi umeme wa zamani, baba yake alikuwa mchonga vinyago. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda amevaa buti nzito kama mtu anayekwenda kuchimba barabara.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Unaogopa umeme?"

"Kidogo."

"Kidogo haitoshi," akasema, akanipa tupa.

Siku tatu za mwanzo sikugusa kitu kingine zaidi ya tupa na kasha tupu. Kasha lilikuwa la kusimama, kimo cha kati, la bati jembamba, la bei rahisi kuliko yote yaliyoletwa. Kingo zake zilikuwa kali kama mfuniko wa kopo la samaki. Usipozisugua, kila unapoingiza mkono kufunga kitu zinakuchana, na damu inadondoka juu ya ubao wenye thamani kuliko nyumba yenu. Fundi Chilumba alipitisha kidole kwenye kila ukingo niliousugua, polepole, kama anapapasa kinyago, kisha akanirudishia nisugue tena. Siku ya nne alipapasa, akaitikia kwa kichwa, akaniambia nivute kiti.

Makasha yale hayakuwahi kuja kamili. Kulikuwa na kimfuko cha skrubu, na kila kimfuko kilipungua. Madabodi, ule ubao mkuu wa mashine, inatakiwa ikae juu ya viguzo vidogo vya shaba, isiguse bati. Viguzo vikipungua tulikata vipande vya kandambili kuukuu tukaviweka chini yake, na naapa kwamba hadi leo hapa mjini ziko kompyuta za zamani zimekalia kandambili za watu. Plagi mbili za kupeleka umeme kwenye madabodi zilifanana kama mapacha, na zote ziliingia hata ukizigeuza. Nyaya nyeusi zilitakiwa zikutane katikati. "Nyeusi kwa nyeusi," tulikuwa tunasema kwa sauti kila mara, kama watu wanaosoma dua. Ukikosea, unasikia harufu, na harufu hiyo haina marekebisho.

Lakini kilichonitisha kuliko vyote kilikuwa swichi. Ninyi mmezoea mashine ambazo kitufe cha mbele ni kitufe tu. Za kwetu, umeme mzima wa ukutani uliingia nyuma, ukapita ndani ya kasha kwa waya mnene, ukaja mpaka kwenye swichi ya mbele, pale pale kidole cha mtu kinapobonyeza. Ndani ya waya ule mlikuwa na nyaya nne, kahawia, bluu, nyeusi na nyeupe, na swichi ilikuwa na ncha nne za shaba, kila rangi na ncha yake. Ukizichanganya, kunatokea mwanga mmoja wa bluu, halafu giza mpaka kwa jirani. Mimi nilikuwa nazifunga, nazifungua, nazifunga tena, na usiku naota rangi.

Fundi Chilumba alikuwa na sheria zake za kuwasha. Aliyefunga ndiye anayewasha, asimtume mtu. Anabonyeza kwa mkono mmoja, mwingine anauweka nyuma ya mgongo, kwa sababu umeme ukipita toka mkono hadi mkono njia yake ni moyoni. Na viatu viwe mguuni. Mara ya kwanza nilipowasha mashine yangu mwenyewe nilisimama hivyo, mkono mgongoni kama mwanafunzi aliyeitwa na mwalimu mkuu. Ikalia mlio mmoja mfupi. Kwenye kioo namba zikaanza kupanda, mashine inahesabu kumbukumbu yake. Nililia. Fundi alijifanya anatafuta koleo.

Sasa niwaeleze habari ya viatu, maana vijana mnaweza kudhani natunga. Wakati ule chumba chenye kompyuta kilikuwa kama msikiti. Watu waliweka pazia, wakaishonea mashine nguo ya kitambaa cha maua, na mlangoni waliandika: VUA VIATU. Vumbi ndilo lilikuwa adui. Na hawakujitungia, sisi mafundi ndio tuliowaambia. Mimi ndiye niliyekuwa na mwandiko mzuri, basi kila mashine iliyotoka Kinondoni ilikwenda na karatasi yangu ya kubandika mlangoni, herufi kubwa, kalamu nyekundu, mstari chini. Nilijisikia mtu muhimu nikiziandika. Mwenyewe nilikuwa nimevaa viatu.

Basi likaja agizo la chuo kidogo cha uhazili, Mbagala. Mwenye chuo alikuwa Mwalimu Anastazia, mama wa Kingoni aliyekuwa mpiga chapa wa serikalini, mkali, kitambaa cha kichwa kimenyooka kama kimepigwa pasi kichwani. Alikuwa na taipureta nane na wasichana kumi na wanne, na sasa alitaka kompyuta moja ili wasichana wake wasije wakakataliwa maofisini. Mashine hiyo niliambiwa niifunge mimi peke yangu, toka tupa mpaka kuwasha. Fundi Chilumba alikuwa amelala nyumbani kwa malaria.

Makasha ya mzigo ule yalikuwa mabovu kuliko ya kawaida. Swichi zake zilikuja bila vifuniko vya kufunika ncha, ncha ziko wazi, kali, zimekaribiana na bati kwa upana wa kucha. Dawa yake ni tepu nyeusi ya umeme. Nikafungua droo, tepu imekwisha. Nikaulizia duka la jirani, hakuna. Nikatoka nje, na ng'ambo ya barabara alikuwapo fundi baiskeli, na miguuni pake rundo la tyubu zilizochoka.

Ninyi ni watu wa hapa, mnajua. Nyumbani kwetu hakuna kilichowahi kuvunjika kikakosa tyubu. Mpini wa jembe, mpini wa ndoo, mguu wa kitanda, bomba linalovuja, vyote tunakata ukanda wa tyubu, tunavuta, tunazungusha, tunapenyeza ncha, mambo kwisha. Mpira hauruhusu umeme, hilo nalo nililijua. Nikakata kanda nne, nikazifunga ncha za swichi kwa nguvu, zikakaa vizuri kuliko tepu. Nilijipongeza. Nikafunga na kasha la pili vilevile, likabaki dukani kusubiri mteja.

Niliipeleka mashine Mbagala mwenyewe. Sakafu ya darasa ilikuwa ya saruji, imepigwa deki inang'aa. Ukutani kulikuwa na soketi ya matundu matatu, lakini nyumba ile ilivutwa waya mbili tu, lile tundu la juu, la waya wa kwenda ardhini, lilikuwa la mapambo. Niliona, na sikulifikiria, kwani nusu ya nyumba za Temeke zilikuwa hivyo. Nikawasha, mkono nyuma ya mgongo. Ikalia mlio wake. Wasichana wakapiga makofi. Mwalimu Anastazia akapanga zamu ya kuifuta mashine kila asubuhi kwa kitambaa kibichi, nami nikabandika karatasi yangu mlangoni.

Siku kumi na moja zikapita. Fundi Chilumba akarudi kazini, amekonda, koti linamning'inia. Akafungua lile kasha la pili akague kazi yangu. Nikasimama pembeni nikisubiri sifa. Alimulika tochi kwenye swichi, akainama zaidi.

"Mwanaidi, hii nini?"

"Tyubu, fundi. Tepu iliisha."

"Njoo uone."

Ukanda ulikuwa umekatika. Mimi niliuvuta kwa nguvu, nikidhani nguvu ndiyo usalama, na ile ncha kali ilikuwa imeukata mpira taratibu kwa chini, siku baada ya siku, kwa kuvutwa kwake wenyewe na joto letu hili. Shaba ilikuwa nje, inang'aa. Fundi aliibonyeza swichi kwa kidole mara moja tu, ncha ikasogea ikalala juu ya bati.

"Hapa kwetu tuna waya wa ardhi," akasema. "Fyuzi ingekatika, basi. Huko ilikokwenda nyingine?"

"Hakuna."

"Kwa hiyo kasha lote linakuwa na umeme, na mashine inafanya kazi kama kawaida." Alikuwa anaongea polepole, kama anajiambia mwenyewe. "Afadhali wawe wanavaa viatu."

Alinitazama.

"Mwanaidi. Wanavaa viatu?"

"Tumewaambia wavue."

Akakaa chini kwenye kigoda. Nilikuwa naiona ile sakafu iliyopigwa deki na nyayo za wasichana kumi na wanne, na mkono wa msichana na kitambaa kibichi. Chuo hakikuwa na simu. Fundi hakuwa na nguvu ya kwenda popote. Akanipa tepu mpya, bisibisi na nauli ya teksi, akasema, "Nenda. Ufike, zima ukutani kwanza. Halafu uwaambie kosa ni letu."

Toka Kinondoni hadi Mbagala nilisoma kila sura ya Kurani niliyojaliwa kuijua, na nyingine nilizichanganya. Niliogopa maiti. Halafu, Mungu anisamehe, nikaanza kuogopa polisi. Nikaogopa jina langu kubandikwa ukutani kwa mara ya pili. Dereva aliniuliza kama naumwa, nikamwambia aangalie mbele.

Kichochoro cha kwenda chuoni kilikuwa kimezibwa na turubai. Chini yake wanawake wamekaa mikekani, khanga vichwani, na wanaume wamesimama pembeni kwa makundi. Nilimshika mkono mwanamume wa kwanza niliyemkuta.

"Kaka, samahani. Msiba wa nani?"

"Wa mzee mwenye nyumba hii, dada. Presha imemchukua alfajiri."

"Alhamdulillahi," nikasema.

Alivyonitazama sitasahau. Nikajirekebisha, nikasema Innalillahi, nikapenya katikati ya mikeka ya watu nikikimbia.

Mlangoni viatu vilikuwa vimepangwa mstari, na karatasi yangu nyekundu juu yake. Nikaingia na viatu vyangu. Msichana mmoja alikuwa ameinama mbele ya mashine, mkono unaelekea kwenye kasha.

"Usiguse!"

Nikaruka mpaka ukutani nikazima. Taipureta zote zikanyamaza. Mwalimu Anastazia akasimama.

"We Mwanaidi! Ndiyo salamu gani hiyo? Na viatu?"

Nilikuwa nawatazama wasichana. Nao hawakuonekana kushangaa hata kidogo, wote walikuwa wametazama chini. Ndipo nikaona kwamba yule aliyekuwa ameinama, Tatu, alikuwa amevaa kandambili. Alijaribu kuificha miguu chini ya meza.

"Tatu, hizo kandambili vipi?" Mwalimu akauliza.

"Samahani, mwalimu. Ni za wote. Tunaazimana."

"Kwa nini?"

Tatu akanitazama mimi, siyo yeye. "Inauma, mwalimu. Ukiwa peku inauma. Sie tunaogopa kusema, tusije tukaambiwa tumeiharibu."

Waliligundua wenyewe, wasichana wa miaka kumi na minane, kwa maumivu, jozi moja ya kandambili wakaificha nyuma ya kabati, na kila mwenye zamu akaivaa. Hakuna aliyekufa. Furaha ile ilinichukua sekunde chache tu, maana Mwalimu Anastazia alikuwa bado anaongea.

"Mie nilijua. Ni yule Rehema. Siku ya nne ile, anafuta, mara karuka nyuma kaanguka na kibodi juu yake. Ati imemuuma! Nikamwambia mashine nzima ilikuwa inafanya kazi mpaka ulipoigusa wewe. Nikamrudisha kwao na barua kwamba kaharibu kifaa cha chuo. Sasa nambie fundi, kaharibu nini?"

Hapo ndipo ilipokuwa nafasi yangu. Wasichana kumi na watatu walikuwa wananitazama, na Tatu aliinua uso kabisa. Nilitakiwa kusema maneno mawili, kosa langu. Niliiona kazi inaondoka, nikaona pingu, nikaona mama yangu akiulizwa Mtoni.

"Hitilafu ndogo tu," nikasema. "Narekebisha."

Nikafungua kasha. Ukanda ulikuwa umekatika vilevile. Nikakata tyubu zote, nikafunga tepu mizunguko mingi mpaka swichi ikavimba, nikapima, nikafunga. Nikamwambia Mwalimu atafute fundi amvutie waya wa ardhi, na kuanzia leo watu wavae viatu.

"Na vumbi?"

"Vumbi halijawahi kumtupa mtu chini, mwalimu."

Nikabandua karatasi yangu. Nyumbani kwao Rehema ni wapi, sikuuliza. Niliporudi Kinondoni, Fundi Chilumba alikuwa ameketi palepale. Akauliza, wote wazima? Nikasema wazima. Akauliza, umewaambia ni sisi? Nikasema nimewaambia. Akaitikia kwa kichwa, akasema, "Ahsante. Hiyo ndiyo ngumu kuliko kufunga mashine." Alifariki miaka mingi baadaye akiamini hivyo. Kati ya uongo wote niliowahi kusema, huo ndio ninaoutafuna mpaka leo.

Mengine mnayajua. Mliniita Mama Tepu, mkadhani ni uzee. Nilipowafukuza mezani kwa sababu ya waya mmoja ulio wazi, mlisema Bi Mwanaidi ana roho mbaya leo. Sikuwa na roho mbaya. Nilikuwa naogopa, na kila asubuhi nilipofungua mlango wa kazini nilianza kwa kunusa. Siku moja katika miaka hiyo nilisikia kwamba familia ya Rehema imerudi kwao Kimbiji. Nikasema nitakwenda. Nilisema hivyo kila mwaka, kama mtu anayesema ataacha sukari.

Halafu siku ya kuniaga, mshereheshaji akasoma kwenye karatasi kwamba katika miaka yangu yote hakuna mteja hata mmoja aliyewahi kuumizwa na mashine ya Bi Mwanaidi. Mkapiga makofi, wengine mkasimama. Ndiyo maana nilisema ahsanteni nikakaa.

Wiki iliyofuata nilivuka pantoni, nikachukua bodaboda kwa barabara ile inayokutenganisha mifupa, nikafika Kimbiji. Kuuliza hakukuwa na shida, watu walinionyesha nyumba. Mtoto mmoja aliniuliza, "Yule bibi mwenye mkono mbaya?" Sikuelewa, nikasema labda.

Nilimkuta uani anamenya mihogo, mwanamke mnene wa makamo. Akaniamkia, akanipa kiti, hakuniuliza nimefuata nini mpaka nilipokunywa maji. Nikamuuliza kama aliwahi kusoma uhazili Mbagala. Kisu kikasimama.

"Kidogo," akasema. "Niliharibu kompyuta ya watu, nikarudishwa."

Alilisema kama mtu anavyosema kabila lake. Akaniambia, bila mimi kuuliza, kwamba toka ile barua mama yake alisema mtoto huyu ana mkono mbaya, na jina likashika. Cherehani ya nyumbani hakuruhusiwa kugusa. Televisheni ilipokuja, wadogo zake ndio waliwasha. Hata simu, akasema akicheka kidogo, mpaka leo mwanawe ndiye anayempigia, yeye anaongea tu. "Nishazoea, mama. Kila mtu na alichoandikiwa."

Niliogopa kuliko siku yoyote niliyowahi kubonyeza swichi. Nikamwambia. Nilimwambia tyubu, nilimwambia ncha, nilimwambia karatasi nyekundu ya mlangoni ilikuwa ya mkono wangu. Nilimwambia kwamba nilisimama mbele ya wenzake nikijua, nikanyamaza.

Aliutazama mkono wake wa kulia, wenye unga wa muhogo, akaugeuza, akautazama upande wa pili. Nilisubiri anitukane. Nilikuwa nimekuja nikitaka anitukane.

"Kwa hiyo sikuiharibu," akasema.

"Hukuiharibu."

Akainuka, akaenda mpaka mlango wa nyumba akaita ndani, kwa sauti niliyoisikia mpaka kifuani.

"Mama! Mama, toka nje. Njoo umsikilize huyu mgeni."

Akatoka bibi kizee, kashika ukuta kwa mkono mmoja. Rehema akamkalisha kwenye kiti changu, akamsogezea khanga vizuri mabegani, akachuchumaa pembeni yake. Kisha akanigeukia.

"Anza mwanzo," akasema. "Na sema kwa nguvu, hasikii vizuri."

Kwenye uzio majirani wawili walikuwa wameshasimama. Nikaanza mwanzo, kwa nguvu.